Santuri na Umoja wa Kazi: Uhakiki wa Dai la Wapenzi wa Doom

Wapenzi wa doom, tawi la metali nzito lenye mwendo wa polepole, hudai kuwa santuri ndiyo makao halisi ya muziki wao. Dai hili lina mashiko likipimwa kwa Master of Reality (1971) ya Black Sabbath, kundi la Birmingham. Tony Iommi, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani, alilegeza nyuzi za gitaa katika baadhi ya nyimbo. Uzito wa sauti ukatokana kwa kiasi fulani na jeraha. Dakika zake 34 hivi zaenea pande mbili za santuri bila kubanwa, na kituo cha kuigeuza huwa sehemu ya muundo.

Hata hivyo, Dopesmoker (2003) ya kundi la Sleep la Marekani yalitia dai hilo dosari. Ni wimbo mmoja unaozidi saa nzima, ilhali upande wa santuri kwa kawaida hubeba dakika ishirini na kitu. Msikilizaji wa santuri hana budi kuupokea vipande vipande, na mrudio unaojenga athari yake hukatizwa. Kwa hiyo, anayeifanya santuri kuwa kigezo cha uhalisi hukihakiki chombo, akaiacha kazi yenyewe. Chombo huathiri fani, hakiwi fani.