Mayai ya Majasusi Wawili

Machi 1953 serikali ya Uingereza iliondoa mgawo wa mayai. Mwezi uliofuata, Ian Fleming akatoa Casino Royale, riwaya ya kwanza ya James Bond. Msomaji wa London aliyeifungua riwaya ile alikuwa ametoka kwenye miaka mingi ya kupimiwa chakula kwa kuponi, na siagi na nyama zilikuwa bado zinapimwa. Mgawo haukuisha kabisa hadi Julai 1954. Mtu wa namna hiyo akimkuta jasusi anaagiza steki isiyoiva sana na mchuzi mzito wa siagi na viini vya mayai, hasomi tena kwa macho peke yake. Naamini ndiyo maana sahani za Bond zimeandikwa kwa uangalifu kama bastola zake. Fleming alijua wasomaji wake wana njaa ya nini.

Sisi tuliokua na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa twajua jinsi mwandishi anavyomjenga jasusi kwa mambo madogo, hadi tukaamini hata yale makubwa yasiyowezekana. Chakula ni mojawapo ya mambo hayo, na kina sifa ambayo gari na bastola hazina: msomaji anaweza kukijaribu mwenyewe. Jiko lipo, mayai yapo dukani. Ndipo unapoanza ufundi ninaotaka kuusifu hapa, wa kupika chakula cha mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Unadai usomaji ambao hata mhariri mkali hana haja nao. Msomaji akipita kwenye sentensi inayosema Bond alikula yai, anaridhika. Mpishi anasimama pale pale na kuuliza: yai kubwa kiasi gani, moto upi, limetoka wapi, na nani alilipika?

Tuanze na yai la kuchemsha, maana hilo Fleming alilieleza kwa undani. Katika From Russia with Love, riwaya ya mwaka 1957, Bond yuko nyumbani London na chai ya asubuhi inaandaliwa na May, mtunzaji wa nyumba yake, mama wa Kiskoti. Kuna kahawa nyeusi vikombe viwili vikubwa bila sukari, mkate wa kuchoma, siagi ya manjano iliyokolea, jemu ya stroberi, mamaledi na asali. Na kuna yai moja, la kuku wa Kifaransa aina ya Marans, lililochemshwa kwa dakika 3 na theluthi moja. Ndivyo, theluthi. Sekunde 20 zinazozidi dakika ya tatu.

Lichukue yai hilo ulipike Nairobi uone. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 au 95, hayafiki 100. Ukilitoa yai kwa saa ya Bond, ute ulio karibu na kiini unakuwa bado unatiririka. Dar es Salaam au Mombasa maji yanachemka sawasawa na ya London, lakini hapo linaibuka jambo jingine: yai la kuku wa Marans ni kubwa, lenye ganda la hudhurungi iliyokoza, na yai letu la kienyeji ni dogo. Sekunde zilezile zinalivusha yai dogo kutoka kwenye kiini laini hadi kwenye kiini kinachoanza kushikana. Tena mayai yetu hukaa kwenye trei dukani, hayatoki kwenye friji, kwa hiyo yanaingia majini yakiwa na joto lake. Pwani mimi hulitoa yai la kienyeji kabla ya dakika ya tatu kutimia, na bara juu huliacha lipite ya nne. Nimeikiuka namba ya Fleming ili nipate yai la Fleming, na sioni njia nyingine ya kumtii.

Theluthi ile ya dakika ina kazi nyingine pia. Inatuambia kwamba nyumba hiyo ina mtu anayesimama jikoni akitazama saa, naye si Bond. Karibu kila anachokula katika riwaya zake huletwa na mhudumu, mpishi wa hoteli au May. Yeye ni bingwa wa kuagiza. Fleming aliandika kama mlaji mwenye ulimi mkali, anayejua kitu kinapaswa kufikaje mezani.

Ila mara moja aliingia jikoni. Mwaka 1963 aliandika hadithi fupi ya Bond akiwa New York, na ndani yake akatia maelezo kamili ya kupika mayai ya kuvuruga ya James Bond. Ni ya watu wanne: mayai 12, chumvi, pilipili manga, na siagi aunsi 5 au 6, yaani kati ya gramu 140 na 170. Watu wengi wakisikia kiasi hicho cha siagi hushtuka. Nami nawaambia wasipunguze kabla hawajapika walau mara moja kama ilivyoandikwa, kwa kuwa siagi ile ina kazi.

Mayai yanapigwa kwa uma pamoja na chumvi na pilipili. Kwenye sufuria ndogo ya shaba (ya kawaida yenye kitako kizito inatosha) siagi gramu kama 115 inayeyushwa, mayai yanamiminwa, kisha moto unashushwa hadi uwe mdogo kabisa na mpishi anaanza kukoroga bila kupumzika. Dakika za mwanzo hakuna kinachotokea. Mkono unazunguka, uji wa manjano unabaki uji, na hapo ndipo wengi hukosa subira wakaongeza moto. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi sitini na kitu, kiini juu kidogo ya hapo. Moto ukizidi, vile vinavyoganda hujikunja vikabana na kukamua maji, na ndiyo sababu mayai ya haraka huacha kidimbwi cha maji kwenye sahani. Ukivumilia, sauti ya kijiko sufuriani inabadilika kabla jicho halijaona lolote. Inakuwa nzito. Kisha chembe ndogo ndogo zinaonekana chini, laini kama maziwa yanayoanza kuganda, na ukikoroga zinachanganyika na uji na kuufanya mzito.

Sasa inakuja hatua ambayo kwangu ndiyo roho ya pishi lote. Mayai yakiwa bado mabichi kidogo kuliko unavyoyataka, unaepua. Unatia siagi iliyobaki na kuendelea kukoroga kwa nusu dakika, pamoja na majani membamba ya kitunguu yaliyokatwakatwa. Siagi baridi inalipunguza joto lililobaki sufuriani na kuuzuia uivaji usipite kiasi, huku mafuta yake yakizizunguka chembe za yai zisishikane. Mpishi asiyeijua hatua hii husubiri mayai yaive jikoni, na yakifika mezani yamepita. Fleming aliijua. Anataka yaliwe juu ya mkate wa moto uliopakwa siagi, pamoja na shampeni ya waridi na muziki wa chini. Shampeni mimi naiacha, chai ya rangi yenye tangawizi inakata ule uzito wa siagi vizuri sana.

Jasusi wa pili hana jina. Len Deighton alimtoa mwaka 1962 katika The IPCRESS File, na msimulizi yule hatajwi jina kitabu kizima. Waliotengeneza filamu mwaka 1965 ndio waliomwita Harry Palmer, wakampa nafasi Michael Caine. Deighton alikuwa mchoraji kwa taaluma, na aliwahi kufanya kazi kama msaidizi wa mpishi wa keki. Kwa kuwa hakutaka kuvichafua vitabu vyake ghali vya mapishi, alizoea kuchora hatua za pishi kwenye karatasi na kuzibandika jikoni. Michoro hiyo ikageuka safu katika gazeti la The Observer, na mwaka 1965 ikakusanywa katika Action Cook Book. Ukiitazama filamu kwa makini utaiona michoro hiyo imebandikwa ukutani katika jiko la Palmer.

Kwa hiyo huyu anapika. Anasaga kahawa yake mwenyewe. Mkuu wake anamkuta kwenye duka la kujihudumia, na katikati ya mambo mazito ya kazi wanabishana kuhusu uyoga wa kopo, kwa sababu Palmer amechagua wa Kifaransa ulio ghali zaidi. Baadaye anampikia mwanamke omeleti, naye anavunja mayai kwa mkono mmoja. Mikono inayoonekana kwa karibu pale si ya Caine. Ni ya Deighton mwenyewe, aliyesimama nje ya picha akalivunja yai, maana mwigizaji hakuweza. Mwandishi akaukopesha mkono wake kwa mtu aliyemtunga. Katika filamu zote za kijasusi nilizotazama hakuna kitendo ninachokipenda kuliko hicho.

Ukitaka kukiona kitendo hicho bila filamu, nenda jioni kwenye banda lolote la chipsi mayai Dar es Salaam. Kijana analigonga yai kwenye ukingo wa kikombe cha bati, kidole gumba kinafungua ganda, vidole vingine vinashika nusu ya pili, na ganda limeshatupwa kabla mkono wa kulia haujaacha kuzigeuza chipsi. Siri iko kwenye lile pigo la kwanza: ganda lipasuke mstari mmoja, lisivunjike vipande. Ukigonga kwa woga unapata vipande.

Omeleti ya Palmer inapikwa kinyume kabisa na mayai ya Bond. Kikaango kinapashwa vizuri, siagi inatiwa, inatoa povu, na povu linapotulia kabla siagi haijageuka rangi, mayai yanaingia. Mkono mmoja unatikisa kikaango, mwingine unavuruga kwa uma, na ndani ya dakika moja imekunjwa na iko sahanini, nje imeshikana, ndani laini. Bond, mtu wa mbio na risasi, anakula yai la taratibu kuliko yote. Palmer, anayeshinda akijaza fomu na kupanga mafaili, ana yai lisilompa nafasi hata ya kupepesa macho. Nadhani tofauti hiyo inatokana na nani anashika mwiko. Mwenye kuhudumiwa anaweza kutaka chochote kinachohitaji saa ya mtu mwingine. Anayejipikia baada ya kazi hujifunza kufanya vizuri kwa haraka, na ukinipa nichague kati ya wawili hawa nani aingie jikoni kwangu, nitamchagua Palmer.

Limebaki parachichi la Casino Royale. Bond analiagiza mwishoni mwa mlo, nusu moja, na siki na mafuta kidogo, wakati mwenzake Vesper anakula stroberi. Mwaka 1953 kwa Mwingereza hilo lilikuwa tunda la kigeni na la fahari. Kwetu Rungwe na Murang'a linajaa kwenye magunia, na siku hizi makasha yake yanasafirishwa hadi Ulaya. Tumelizoea mno kiasi kwamba tunalila bila kulitengeneza, pembeni ya wali na maharage. Mimi naupika mlo wa Bond kwa mpangilio wake: steki kwanza, halafu parachichi lililoiva barabara, linalobonyea kidogo karibu na kikonyo, kijiko kimoja cha siki, vitatu vya mafuta, haradali kidogo na chumvi, vikipigwa pamoja na kumiminwa kwenye shimo la kokwa. Wageni huniuliza mbona limekuja mwisho badala ya mwanzo. Baada ya nyama na siagi ile yote, ukali wa siki ndio ulimi unaoutaka, na hapo Fleming alipatia.