Kusafiri Pasipo Kuruka Njia

Iko michezo ya kompyuta ambayo humpa mchezaji nchi nzima, yenye milima, mito, miji na watu, akaitembea apendavyo. Karibu yote ina hila moja: mchezaji hugusa jina la mahali katika ramani, na mara huwa amefika. Wako wachezaji waliojikataza hila hiyo, wakaazimu kwenda kwa miguu au kwa farasi tangu mwanzo hata mwisho. Wao husifiwa kwa subira, lakini sifa hiyo yafaa ipimwe kabla haijatolewa.

Msomaji wa Isiolo anacho kipimo karibu naye. Njia iendayo kaskazini hupita Archers Post, Merille, Laisamis na Marsabit hata Moyale, mwendo wa kilometa 500 hivi. Kabla lami haijakamilika katika mwongo wa 2010, dereva wa lori alikuwa hana budi kujua ni laga ipi hujaa maji ijapokuwa mvua imenyesha mbali, na wapi gari hukwama. Kilele cha Ololokwe kilimwambia amefika wapi. Leo abiria wa basi la usiku hufumba macho Isiolo akayafumbua Moyale. Hakuruka njia, kila kilometa imepita chini ya miguu yake. Walakini mwulize habari za Merille, hana la kukujibu.

Basi hali ya wengi wanaojinyima katika Skyrim, mchezo uliotoka Marekani mwaka 2011, ni hali ya abiria huyo. Mchezaji akipewa kazi, aghalabu hakuna amwambiaye njia. Alama huwekwa juu ya dira, naye huifuata kama mbuzi afuatavyo kamba. Akiiondoa alama, amepotea kabisa, maana watu wa nchi ile hawakufundishwa kuelekeza. Kujinyima kwake ni kwema, bali mchezo wenyewe haukujengwa kwa ajili ya msafiri.

Morrowind, uliotolewa na kampuni ile ile ya Bethesda mwaka 2002, ulikuwa na tabia nyingine. Ramani yake haikuwa na mruko. Mwenye haraka alilipa nauli akapanda mdudu mkubwa kama nyumba, aliyechimbwa mgongoni nafasi ya abiria. Au alipanda mashua, au alikwenda kwa wachawi wa chama wampeleke kwa wachawi wenzao. Vyombo hivyo vilifika miji fulani tu, na kutoka hapo mtu alitembea. Maelekezo aliyapata kwa maneno: fuata barabara hata mahali fulani, kisha ushike upande fulani. Ilimpasa asikilize, asome, atazame mlima. Ni elimu ile ile ya dereva wa lori.

Sisemi kwamba mchezo huo hauna ila. Maelekezo yake mengine yalikuwa mabovu, mwendo wa mwanzo ni wa kobe, na yuko ndege mmoja mshambulizi ambaye kila aliyeucheza humkumbuka kwa chuki. Tena mwanafunzi mwenye saa moja tu ya kucheza asilaumiwe akiruka njia aliyokwisha kuipita mara kumi. Njia isiyo na jipya ni adhabu, wala hakuna fahari katika kuivumilia.

Mwaka 2024 Capcom ya Japani ilitoa Dragon's Dogma 2, ambamo mawe ya kurukia ni adimu na ya ghali. Mkokoteni wa maksai upo, na abiria aweza kusinzia ndani yake. Ila huenda akaamshwa na majitu yaliyoushambulia njiani. Hapo safari imepata uzito wake. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo hiyo ilimwuzia mchezaji, kwa fedha halisi, kifaa cha kuongeza mahali pa kurukia. Wachezaji walinung'unika, nao walikuwa na haki, kwa kuwa fundi alikuwa amewaahidi njia ndefu yenye mambo, na mwuza duka akasimama penye lango lake akiuza namna ya kuikwepa.