Stelingi Mpya, Bwana Yule Yule

Katika mabanda ya video ya Singida mjini, Manyoni na Kiomboi iko kanuni moja ambayo kila kijana anaijua: stelingi hafi. Adui atamimina risasi mia, stelingi atainuka na kukung'uta vumbi. Mwaka 2021 kanuni hiyo ilivunjwa. Katika filamu ya No Time to Die, ambayo ni ya 25 katika mfululizo wake mkuu, jasusi wa Uingereza James Bond aliuawa kwa makombora. Lakini hata kabla watazamaji hawajainuka vitini, maandishi ya mwisho yaliwaahidi kwamba James Bond atarudi. Mtu alikufa, kazi yake haikufa. Kilichobaki kikawa swali moja tu lililozunguka dunia nzima: nani atavaa suti yake?

Ndugu msomaji anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini kada anayeishi katika mkoa wa alizeti na vitunguu. Linamhusu, kwa sababu namna watu wanavyobishana juu ya sura ya stelingi ni namna ile ile wanavyobishana juu ya mambo makubwa zaidi.

Mabishano haya si mapya. Tangu Dr. No ya mwaka 1962 hadi 2021, watu sita walishika nafasi hiyo katika mfululizo huo. George Lazenby, Mwaustralia, alipomrithi Sean Connery mwaka 1969, alicheza filamu moja tu, na mwaka 1971 Connery akarudishwa. Roger Moore alipoingia mwaka 1973, alipimwa kwa kipimo cha Connery. Daniel Craig alipotangazwa Oktoba 2005, magazeti ya Uingereza yalimdhihaki: nywele zake ni za rangi ya dhahabu, kimo chake ni kifupi, hafai. Mwaka uliofuata filamu yake ya kwanza, Casino Royale, ilitoka, na wengi wa waliomcheka wakaanza kumsifu.

Sasa tuuulize kile ambacho wabishi hawakuuliza. Stelingi mpya alikuja kufanya kazi gani, na dhidi ya nani?

Dr. No ilionyeshwa London Oktoba 1962, miezi miwili tu baada ya Jamaika kupata uhuru. Hadithi yake inatokea Jamaika hiyo hiyo. Humo yumo mvuvi mweusi, Quarrel, ambaye Bond anamwagiza amletee viatu vyake, na ambaye hatimaye anateketezwa kwa moto ili Mwingereza aendelee na safari. Bendera ilikuwa imeshushwa, lakini katika filamu bwana alikuwa bado ni bwana. Mwaka 1973, watu walipokuwa wakipima tabasamu la Roger Moore, adui wa filamu ya Live and Let Die alikuwa kiongozi mweusi wa kisiwa cha kubuni, ambaye pia ni mfanyabiashara wa dawa za kulevya.

Casino Royale ya mwaka 2006 inatugusa kwa karibu zaidi. Mapema katika filamu hiyo tunapelekwa Mbale, Uganda, kwenye kambi ya waasi msituni, ambako fedha za vita zinakabidhiwa kwa mwenye benki wa magaidi. Mbale iko mashariki ya Uganda, wakati vita vya waasi waliotajwa viliwatesa hasa wananchi wa kaskazini. Tena msitu wenyewe haukuwa Uganda: sehemu hiyo ilipigwa picha katika msitu wa Black Park, Uingereza. Dunia ilijadili rangi ya nywele za Craig. Ni wachache waliojadili jirani yetu aliyetengenezewa sura huko Uingereza. Hiyo ndiyo kasumba: kumwonea uchungu stelingi, na kumsahau adui anayefanana na ndugu yako.

Wapo wanaosema dawa ni stelingi mweusi. Kwa miaka mingi lilitajwa jina la Idris Elba, mzaliwa wa London ambaye baba yake ni wa Sierra Leone na mama yake wa Ghana. Hakuna haki ya kumzuia mtu kazi kwa sababu ya rangi yake, na waliompinga kwa rangi walistahili kukemewa. Lakini Mwalimu Nyerere alitukumbusha mwaka 1967 kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi: unyonyaji haugeuki kuwa haki kwa sababu mnyonyaji ni mweusi. Mwafrika akipewa leseni ya kuua kwa niaba ya ufalme ule ule, kilichobadilika ni ngozi ya mtumishi. Na hata ufalme wenyewe una mwenye mali nyuma yake. Mwaka 2022 kampuni ya Amazon ilikamilisha ununuzi wa studio ya MGM kwa dola bilioni 8.45, na mwaka 2025 ikapata mamlaka ya kuamua mwelekeo wa filamu za Bond. Mwenye mali ndiye huchagua stelingi.

Je, sisi tulijibu? Tulijibu. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitupa Willy Gamba katika riwaya ya Kufa na Kupona. Gamba anakwenda Nairobi kuzitafuta siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Hapa jasusi ni Mwafrika, na kazi yake ni ukombozi wa Afrika. Hiyo ni hatua ya kweli, na vijana waliipenda. Hata hivyo ni lazima tuseme kwamba Gamba alirithi mengi ya Bond: starehe, wanawake wazuri, bastola, na hasa upweke. Anafanya kila kitu yeye. Umma haupo, au upo ili uokolewe.

Historia yetu inasema vingine. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya uvamizi wa Guinea na mapinduzi ya Uganda, haukuomba stelingi. Uliweka ulinzi wa nchi mikononi mwa wananchi wenyewe. Na hapa Singida, uwanja wa mpira wa mjini umepewa jina la Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya wenyeji yanasema aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Nyuki hawana stelingi. Nguvu yao ni wingi wao na umoja wao.

Hatusemi mabanda yafungwe. Kijana aliyeshinda shambani ana haki ya kupumzika na kucheka, na wale wanaozitafsiri filamu kwa Kiswahili tayari wanamfanyia Bond mzaha ambao bwana mwenyewe hakuutarajia. Huo ni mwanzo wa uhakiki. Wajibu wa kada ni kukaa katika benchi hilo hilo, aangalie filamu hadi mwisho, kisha aulize kwa upole: adui alikuwa nani, na nani alimchagua awe adui?

Kijana akiweza kulijibu swali hilo, basi aje stelingi yeyote. Hatatudanganya.