Pongezi kwa Waongozaji wa Manga

Wachina wana Hua Shan, mlima mtakatifu wenye njia ya mbao iliyopachikwa ubavuni mwa jabali. Sisi Wakisii tuna Manga, ukingo wa miamba katika Kaunti ya Nyamira, na huko kuna Ngoro ya Mwaga, shimo ambalo wazee wetu waliliheshimu kwa hofu. Hapa hakuna minyororo ya kushikilia kama ile ya Hua Shan. Kuna vijana wa vijiji vya jirani. Wao hutangulia, hukuonyesha jiwe linaloteleza baada ya mvua, hukupa mkono penye genge, kisha husimulia waliyorithi kwa babu zao, huku Ziwa Victoria likimetameta kwa mbali anga likiwa safi. Mbuya mono, ndugu zetu! Macho yenu ndiyo usalama wa miguu yetu.