Anayesomea Wenzake

Ipo kazi ya wanafunzi isiyo na cheo wala barua ya ajira. Unakaa na wenzako waliofika chuo juzi, mna kitabu kimoja, au desa lililotolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Unawasomea, unawauliza, kisha unanyamaza waongee. Baadhi ya vyuo vya Marekani vimeifanya kazi ya malipo. Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza hupewa kitabu kimoja kabla ya kufika, na waliowatangulia huajiriwa kwa saa: kugawa nakala, kuongoza mazungumzo, kumpokea mwandishi akialikwa. Kwetu inaitwa diskasheni, na anayeiongoza hulipwa soda, tena siku ambayo bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi, limetoka.

Nataka kuisifu kazi hiyo kutokea Mbinga, ambako hakuna chuo kikuu. Mtoto wa huko akifaulu, safari yake ni ya Dar es Salaam, Dodoma, Mzumbe au Iringa. Lakini mazungumzo ya kukaa pamoja Umatengoni, nchi ya Wamatengo huko Mbinga, yana mizizi mirefu kuliko chuo chochote nchini. Wamatengo wa zamani walikula pamoja nyumbani kwa mzee wa ukoo, na chakula kikiwa katikati, mambo ya familia na mashamba yalijadiliwa, vijana wakisikiliza. Kikao hicho ndicho sengu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walipofanya kazi na wanakijiji wa Kindimba, mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, kamati ya kijiji ya kusimamia shughuli ilipewa jina hilo hilo. Hawakuhitaji kueleza maana yake kwa mtu.

Kijana aliyemaliza kidato cha sita anarudi nyumbani majira ya kahawa. Kama hayuko Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), asubuhi yuko shambani anachuma, jioni amekaa. Vijana wengi kama yeye tayari wana nusu ya ufundi wa kusomea wenzao, na hawakuupata darasani. Waliupata kanisani, waliposimama Jumapili kusoma somo la kwanza mbele ya bibi ambaye angewaambia baada ya misa kwamba hakusikia kitu. Eneo lote hili la wamisionari, Wabenediktini upande wa milimani na Waanglikana wa misheni ya UMCA waliovuka kutoka kisiwa cha Likoma kuja Liuli, limelea wasomaji wa sauti kwa zaidi ya miaka mia. Kusoma polepole, kupumua kwenye nukta, kuinua macho: hayo wanayo.

Nusu ya pili, kuuliza na kunyamaza, ni ngumu zaidi, na taifa hili liliwahi kuifundisha kwa wingi wa kushangaza. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu kama milioni 2 wakashiriki. Mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma, kwa hiyo kitabu kilikuwa cha mmoja na masikio yalikuwa ya wote. Walisikiliza kipindi cha Redio Tanzania, kiongozi akasoma sehemu ya kijitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Mada zilikuwa malaria, kuhara, minyoo, kichocho. Mtu wa Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, anayeoga na kufua ziwani hakuhitaji kuambiwa kichocho kinamhusu vipi. Alihitaji nafasi ya kuuliza. Na hilo ndilo viongozi walilofundishwa: wewe si mwalimu, wewe unauliza. Nadhani hiyo ndiyo amri ngumu kuliko zote unazoweza kumpa mtu aliyeshika kitabu mbele ya wasio nacho.

Tuitazame kazi yenyewe inavyofanywa na anayeijua. Inaanza usiku wa kuamkia kikao. Anaisoma sehemu yake mara mbili, mara ya kwanza kimya, ya pili kwa sauti, ili ajue inachukua muda gani na ulimi unakwama wapi. Kurasa saba au nane zinatosha; zaidi ya hapo watu wanasinzia, na wana haki. Kisha anachukua penseli na kuweka alama mahali pa kusimama. Mahali pa kusimama ndipo ufundi wote ulipo.

Chukua Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba waliyoisoma wanafunzi wengi sana wa sekondari. Ngoswe ametumwa kijijini kuhesabu watu, anaingia kwenye mapenzi na Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na karatasi za sensa zinaishia motoni. Msomaji mchanga anakimbia mpaka motoni, anafunga kitabu na kuuliza fundisho ni nini. Basi kikao kimekufa. Wote wanaimba noti za kidato cha nne. Msomaji mzoefu anasimama kabla ya moto, hasira ya mzee ikiwa imeshapanda, kidole kikiwa bado ndani ya kitabu, anauliza: ungekuwa wewe ndiye Mitomingi, ungeanza na nini? Mmoja atasema angeita wazee. Mwingine atasema angemfukuza kijana kwanza, wazee baadaye. Watabishana kwa raha. Hapo ndipo anapotia swali lake la pili, kana kwamba limemjia sasa hivi: hivi karatasi zile zilikuwa mali ya nani? Mazungumzo yanatoka kwenye mapenzi na kuingia kwenye serikali na raia wake, na hakuna aliyesukumwa.

Baada ya swali, ananyamaza. Watu wengi hushindwa hapa. Kimya kikidumu kidogo tu, kiongozi anajijibu mwenyewe, na kuanzia siku hiyo kikundi kinajua kwamba kusubiri kunalipa. Kijana wa Mbinga aliyelelewa akijua mkubwa huanza kusema hanyamazi kwa kukosa la kusema. Anapima kama zamu yake imefika. Msomaji mzuri analijua hilo, naye hamtaji mtu kwa jina mpaka aone macho yake yameinuka kutoka sakafuni.

Kisha kuna lugha. Kundi moja laweza kuwa na Mmatengo wa milimani, Mmanda na Mnyasa wa pwani ya ziwa, na huko chuoni watajumlishwa na Mhaya na Mzaramo, wote mbele ya maandishi ya Kiingereza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameijua hali hii kwenye masomo ya maendeleo (DS), yanayokusanya watu wa fani mbalimbali. Anayesomea wenzake anasoma aya kwa Kiingereza, anaisimulia kwa Kiswahili bila kutangaza kwamba ilikuwa ngumu, wanaijadili kwa Kiswahili mpaka iive, halafu anawarudisha kwenye Kiingereza kwa sababu mtihani hautauliza kwa Kiswahili. Mimi naona ni kazi ya watu watatu inayofanywa na mmoja. Simjui mhadhiri anayeifanya vizuri kuliko wanafunzi niliowaona.

Kelele huwa juu ya kuchagua kitabu. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill kiliwapangia wanafunzi wapya wasome kitabu cha Michael Sells kuhusu sura za Qur'ani zilizoteremshwa mwanzo, kikashtakiwa mahakamani. Mahakama ilikataa kuzuia, na mijadala ikafanyika. Magazeti yaliandika mengi juu ya kitabu. Waliokaa na wale vijana chumbani, wakapaswa kumpa nafasi aliyekasirika na aliyeogopa kwa kipimo kimoja, hawakuwa habari.

Ndiyo maana nikiulizwa chuo chetu kilipe nini, sitaanza na saa ya kikao. Kilipie usiku wa kuamkia kikao, ule wa penseli. Na kisitafute mcheshi wa darasa wala mwenye alama za juu, maana hao wawili ndio wanaopenda kujijibu. Kiwatake waombaji wasome ukurasa mmoja mbele ya watu watano, wasimame wanapoona panafaa, waulize jambo moja. Halafu wasimamizi wahesabu ni nani kati ya hao watano aliyeongea, na kama mwombaji aliongea tena kabla yake.