Mkono Mwepesi: Sifa za Udongo wa Kusafishia Rangi ya Gari

Ufundi wa kutunza rangi ya gari una matawi mengi, na karibu yote hula kidogo katika kile yanachokitunza: msasa hukwangua, polishi husaga, na mashine ya kusugulia, hata ikishikwa na fundi hodari, huondoka na sehemu ya koti ililoletwa kuling'arisha. Miongoni mwa matawi hayo upo ufundi mmoja usiohitaji umeme, unaofanywa kwa donge laini linaloenea kiganjani, na ambao sifa yake kuu ni uchache wa kile unachokichukua. Huo ndio ufundi wa kusafisha rangi kwa udongo, na unastahili kuhesabiwa pamoja na kazi za mikono zinazodai akili, subira na adabu ya vidole.

Thamani yake haieleweki mpaka ijulikane rangi ya gari ilivyojengwa. Bodi ya gari la kisasa kwa kawaida ni bati la chuma lililovikwa matabaka kadhaa, moja juu ya jingine: kwanza tabaka la kuzuia kutu, ambalo hupakwa kiwandani kwa kuizamisha bodi nzima katika rangi iliyopitishwa umeme, kisha prima, yaani rangi ya msingi inayosawazisha uso, halafu rangi yenyewe inayoonekana kwa macho, na juu kabisa koti angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, lenye kazi ya kutoa mng'ao na kuikinga rangi iliyo chini yake dhidi ya jua na mvua. Matabaka yote hayo kwa pamoja huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 50 hivi. Akiba hiyo ikishatumika hairudi ila kwa kupaka upya, na kila anayelipiga gari polishi nzito huchota humo humo. Bandu bandu huisha gogo, na klia nayo huisha vivyo hivyo, mpaka siku jua linapoifikia rangi ya chini na boneti ikaanza kupauka na kubanduka magamba.

Uchafu unaolikumba koti hilo ni wa namna mbili. Upo uliotua tu, kama vile vumbi na tope, ambao huondoka kwa maji na shampuu ya gari. Na upo uliojishikiza, ambao huo ndio unaohusu ufundi huu. Kila mara dereva anapokanyaga breki, pedi husugua diski ya chuma na kurusha chembe ndogo zenye moto, ambazo zikitua juu ya rangi huing'ata klia, na baadaye, zikipata unyevu, hushika kutu na kuvimba, hata gari jeupe likaonekana limenyunyiziwa vidoa vya rangi ya chungwa. Magari yanayosafirishwa juu ya mabehewa hupata chembe za namna hiyohiyo kutokana na msuguano wa magurudumu na reli, na ndiyo sababu watu wa fani hii nchini Marekani wakauita uchafu huo vumbi la reli. Zaidi ya chuma kuna utomvu wa miti, matone ya lami yanayorushwa na matairi, masizi ya viwandani, na ukungu wa rangi unaopeperushwa na upepo kutoka kwenye gari linalopakwa jirani. Shampuu hupita juu ya vyote hivyo bila kuving'oa, na mwenye gari akishaliosha hudhani ni safi kwa sababu linang'aa.

Dawa ya tatizo hili ilitoka Japani. Mvumbuzi Tadao Kodate alibuni kitu ambacho hataza yake ya Marekani ya mwaka 1995, yaani hati inayomlinda mvumbuzi dhidi ya kuigwa, inakieleza kuwa ni jiwe la kusagia linalonyumbulika, na katika maelezo hayo mafupi imo fikra nzima ya ufundi huu. Ingawa huitwa udongo, donge hilo halikuchimbwa ardhini. Ni resini ya kutengenezwa, yaani ulimbo wa viwandani wenye kunata na kufinyangika, uliochanganywa na unga laini sana wa madini yenye kusugua. Chembe hizo za madini zingekuwa zimefungwa katika kitu kigumu, zingechimba kila zinapopita. Lakini zikiwa ndani ya kitu laini huzama na kurudi nyuma zinapokutana na uso ulionyooka, na hufanya kazi pale tu zinapokutana na kitu kilichochomoza. Kilichochomoza hukatwa na kunaswa ndani ya donge, na klia iliyonyooka hupitwa kwa salama.

Usalama huo, hata hivyo, hauletwi na donge peke yake, bali na utelezi unaotangulia mbele yake. Kabla ya udongo kugusa rangi, uso hunyunyiziwa maji yenye shampuu au dawa maalumu ya kutelezesha, kwa wingi usio na ubahili, ili donge lielee juu ya utando mwembamba wa maji badala ya kuburuzwa juu ya klia kavu. Udongo ukipitishwa pakavu hunata, huacha mabaka yake mwenyewe na kuikwaruza rangi, na hapo chombo cha kuokoa kinageuka kuwa chombo cha kuharibu. Kwa sababu hiyohiyo fundi mwangalifu hufanya kazi kivulini na juu ya bati lililopoa, kwa kuwa bati lenye joto hukausha utelezi kabla mkono haujamaliza safari yake.

Kazi yenyewe huanza kwa kuliosha gari sawasawa, maana chembe moja ya mchanga iliyosahauliwa chini ya donge hufanya kazi ya msasa. Kisha kipande cha gramu 50 hivi hukatwa kutoka kwenye donge kubwa, huchovywa katika maji ya uvuguvugu kikiwa kigumu, na kukandwa kama unga wa chapati mpaka kiwe bapa linaloenea chini ya vidole vitatu au vinne. Eneo linalosafishwa kwa mara moja huwa dogo, kama nusu mita kwa nusu mita, na mkono huenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kwa kuwa mikwaruzo ya mviringo, ikitokea, huonekana zaidi juani kuliko ile iliyonyooka. Vidole havikandamizi, huliongoza donge tu, na uzito wake mwenyewe na mnato wake ndivyo vinavyofanya kazi. Kila baada ya eneo moja fundi huligeuza bapa na kulitazama, na akiona limejaa madoa ya kahawia na meusi hulikunja, hulikanda na kulifungua upya ili uso safi utokee. Donge likianguka chini hutupwa bila mjadala, hata kama ni jipya, kwa kuwa hakuna macho yanayoweza kuhakikisha kwamba halikuokota changarawe.

Jambo linaloupa ufundi huu heshima ya pekee ni kwamba hakimu wake ni mguso. Mwanzoni, udongo unapopita juu ya eneo chafu, hushika kidogo na kutoa mkwaruzo mwembamba unaosikika na kuhisiwa hadi kwenye kifundo cha mkono. Kadiri uchafu unavyonaswa, mkwaruzo hufifia, mpaka donge likateleza kana kwamba hakuna kitu chini yake, na huo ndio wakati wa kuacha. Ili kuthibitisha, mafundi huvika vidole karatasi nyembamba ya plastiki na kuvipitisha taratibu juu ya rangi iliyooshwa: plastiki hupunguza msuguano wa ngozi, na vijinundu ambavyo kidole kitupu kisingevitambua hudhihirika mara moja. Katika nchi ambako mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, karatasi iliyofungiwa mkate hutosha kabisa kwa kipimo hicho.

Ufundi huu unayo mipaka, na kuijua ni sehemu ya kuumiliki. Udongo hauondoi mikwaruzo, kwa kuwa mkwaruzo ni shimo na udongo hushughulikia kilichochomoza tu. Hauponyi alama za kinyesi cha ndege kilichokwisha kuila klia. Wala hauwezi kung'oa kila chembe ya chuma iliyozama sana, ambayo ni afadhali kuilainisha kwanza kwa dawa ya kuyeyusha chuma, ile inayogeuka zambarau inapokutana nacho. Udongo mkali, uliotengenezwa kwa ajili ya uchafu sugu, unaweza kuacha ukungu wa mikwaruzo midogo unaodai polishi nyepesi baadaye. Tena, kwa kuwa huondoa pia nta ya zamani, huiacha rangi uchi, na kazi haihesabiki kuwa imekwisha mpaka gari lipakwe kinga mpya, iwe nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mitende wa Brazili, au kinga ya kutengenezwa viwandani. Mipaka hiyo ndiyo inayomzuia fundi mwenye busara asiutumie udongo kila juma: mara moja au mbili kwa mwaka huwa inatosha, na gari ambalo kipimo cha plastiki kinaonyesha ni laini halihitaji kuguswa.

Ubahili huo una maana zaidi katika Afrika Mashariki, ambako magari mengi yanayoteremshwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa tena. Sheria za Kenya, kwa mfano, huruhusu gari lililotumika hadi umri wa miaka minane. Gari la namna hiyo hufika na klia ambayo historia yake haiandikwi katika hati yoyote ya forodha: huenda liliwahi kupigwa polishi kwa mashine likipendezeshwa kwa mnada, na huenda mlango mmoja ulipakwa upya. Likiisha kuingia barabarani, huegeshwa karibu na karakana za wazi ambako magari mengine hupakwa rangi bila kibanda, na ukungu wa rangi hizo ukatua juu yake. Kulipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya polishi, kama inavyofanywa mara nyingi, ni kutumia mali isiyojulikana kiasi chake ili kuondoa uchafu ambao donge la udongo lingeuondoa bila gharama hiyo.

Lipo pingamizi la haki dhidi ya sifa hizi, nalo ni kwamba mteja hulipia anachokiona, na udongo hauleti mabadiliko makubwa ya kuonekana. Jibu ni kwamba kazi hii ina mashahidi wawili wasiohitaji macho ya mteja. Wa kwanza ni kiganja chake mwenyewe, akikipitisha juu ya boneti kabla ya kazi na baada yake. Wa pili ni kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo kinachowekwa juu ya bati na kusoma idadi ya mikroni zilizopo: fundi wa mashine hukitumia ili ajue amebakisha kiasi gani, lakini fundi wa udongo, akifanya kazi yake inavyopasa, hukikuta kikisoma namba ileile aliyoanza nayo, na namba hiyo isiyobadilika ndiyo risiti ya ustadi wake.