Rivasi Ikigoma, Ihoji Klachi Kwanza

Kwa wiki tatu jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa akiegesha pikapu yake kichwa kikiangalia barabara. Asiyemjua angedhani ni haraka ya safari za alfajiri, maana gari hilo, Toyota Hilux ya dizeli yenye gia tano za mkono, ndilo linaloshusha karoti na kabichi kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini. Kumbe alikuwa anaikwepa rivasi. Kila aliposukuma mkono wa gia kulia na kuuvuta nyuma, chini ya gari kulitoka mkwaruzo wa chuma uliogeuza shingo za wapita njia. Kule mlimani, ambako pa kugeuzia ni padogo na upande mmoja ni bonde, ilibidi awaombe vijana wa sokoni wamsukume.

Fundi wa kwanza alisikiliza mara moja tu, akafuta mikono. "Mzee, rivasi imeliwa meno. Tushushe giaboksi."

Jioni hiyo Mwalimu alinikuta barazani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaingia moja kwa moja kwenye lililomleta. "Mwanangu, wewe si unaandika habari za magari? Hebu njoo usikilize kabla sijauza kiwanja."

Kesho yake asubuhi tulipata jibu bila kulegeza boliti hata moja ya giaboksi. Njia tuliyopita inafaa kwa gari lolote la gia za mkono, kwa hiyo naieleza hatua kwa hatua.

Kwa nini ni rivasi tu?

Swali la kwanza si "nini kimeharibika" bali "kwa nini gia za mbele zinaingia na hii haiingii". Gia za mbele hazisogei unapozibadilisha. Jozi zake zimeumana muda wote, meno yake yamechongwa kwa mshazari, na kinachosogea ni bangili inayoifunga gia uliyoichagua kwenye shafti yake. Kabla ya kufunga, pete ya shaba husuguana na gia hiyo mpaka mwendo wa pande mbili ulingane. Huo ndio mtambo wa sinkronaiza, ulioingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1928 na kuwapumzisha madereva na kelele za gia.

Rivasi, katika giaboksi nyingi na hasa za miundo ya zamani, haikupewa anasa hiyo. Wahandisi walihesabu kwamba hakuna anayerudi nyuma kabla hajasimama, wakaona pete ya nini. Wakaweka gia ndogo ya katikati inayotelezeshwa hadi iumane na nyingine mbili. Ili iweze kuteleza, meno yake yamenyooka, na unyoofu huo ndio unaoleta ule mvumo unaousikia gari linaporudi nyuma.

Gia ya kutelezesha hudai kitu kimoja: inakoingia pawe pametulia. Upande wa magurudumu umetulia kwa sababu gari limesimama. Upande wa injini hutulia ikiwa tu klachi imekata mawasiliano kabisa. Injini ikiwa kwenye sailensa huzunguka mara 750 hivi kwa dakika. Klachi pleti ikibaki inagusa flaiwili hata kidogo, shafti inayoingia giaboksi huburuzwa nayo. Ukiweka namba moja, pete ya shaba itapambana na mburuzo huo na mara nyingi itashinda. Ukiweka rivasi, hakuna wa kuipigania, meno yanagongana na meno.

Ndiyo maana klachi inapoanza kuchoka, rivasi huwa shahidi wa kwanza kusimama. Nilipomuuliza Mwalimu kama kuna gia nyingine iliyobadilika, alifikiri kidogo, akasema namba moja imekuwa nzito kidogo asubuhi. Shahidi wa pili huyo.

Majaribio manne ya bure

Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukavuta hendibreki, tukawaondoa watoto uani. Usiruke hatua hiyo, maana gari lenye klachi mbovu linaweza kuchomoka ghafla.

Jaribio la kwanza: injini imezimwa. Mwalimu alikanyaga klachi, akaweka rivasi. Ikaingia kimya, kama mtu aliyevua viatu mlangoni. Tukarudia mara tano, ikawa vilevile. Hapo tu kesi ya fundi wa kwanza ikayumba, kwa sababu meno yaliyolika au uma uliopinda haungojei injini iwake ndipo uonyeshe ubaya. Ingekataa hata injini ikiwa kimya, tungehamia kwenye mkono wa gia, vibushi vyake vilivyolika na viungo vyake vilivyolegea, na mwisho kabisa ndani ya giaboksi. Tahadhari moja: wakati mwingine jino hutua juu ya jino mwenzake na gia ikagoma bila ubovu wowote. Weka nyutro, achia klachi, kanyaga tena, jaribu upya.

Jaribio la pili: injini imewaka, klachi imekanyagwa, hesabu hadi kumi kabla ya kugusa gia. Shafti iliyokatiwa nguvu huendelea kuzunguka sekunde chache kwa msukumo wake, kisha hutulia. Kama rivasi ingeingia vizuri baada ya kungoja, tungesema Mwalimu ana haraka tu, na dawa yake ni kungoja kidogo au kugusa gia ya mbele kwanza ili pete yake iisimamishe shafti. Tulihesabu hadi kumi. Mkwaruzo ukabaki palepale. Kuna kitu kilikuwa kinaizungusha shafti muda wote.

Jaribio la tatu: pampu klachi mara tatu haraka, shikilia, weka rivasi. Ikaingia! Hili ndilo lililopunguza washukiwa. Klachi pleti iliyopinda haijali umepampu mara ngapi. Pailoti beringi haijali pia. Hiyo ni beringi ndogo inayobeba ncha ya shafti kwenye kitako cha krenki, na ikikwama huizungusha shafti pamoja na injini hata klachi iwe imekata. Kinachonufaika na kupampu ni mfumo wa mafuta unaobeba nguvu ya mguu kutoka masta ya juu, iliyo nyuma ya pedeli, hadi masta ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Ama una upepo ndani, ama unavuja.

Jaribio la nne ndilo lililotoa hukumu. Fundi wa kwanza alikuwa amekwisha kuchungulia chini akasema hakuna tone lolote, na alisema kweli. Kikopo cha mafuta nacho kilikuwa kimejaa hadi mstari wa juu. Nikalala chini ya gari, injini imezimwa, nikachora mstari wa chaki kwenye kijiti cha masta ya chini, kile kinachosukuma uma wa klachi. Mjukuu wa Mwalimu akakanyaga pedeli na kuishikilia. Kijiti kikatoka. Kisha, mguu ukiwa bado umekanyaga, ile chaki ikaanza kurudi ndani polepole, mpaka kabla ya kumaliza kuhesabu ishirini ikawa imerudi ilikoanzia.

Maana yake ni hii: masta ya juu ilikuwa inavuja ndani kwa ndani. Kipira cha pistoni kikichoka, mafuta hupenya pembeni yake na kurudi kwenye kikopo yalikotoka. Hakuna tone sakafuni, hakuna upungufu kwenye kikopo, lakini nguvu haifiki chini. Na hasara ndogo inatosha, kwa sababu klachi ikikata vizuri, nafasi kati ya klachi pleti na flaiwili huwa chini ya milimita moja. Ukipoteza milimita chache za mwendo wa kijiti, nafasi hiyo yote imekwenda.

Tiba na uangalizi

Masta ya juu ilipofunguliwa, mafuta yalitoka meusi kama chai iliyochemka mara mbili. Weusi huo ni unga wa kipira kilichosagika. Ndani ya silinda mlikuwa na michubuko, ndiyo maana hatukubadilisha vipira peke yake. Kipira kipya kwenye ukuta uliochubuka hakichukui muda kuliwa. Tulifunga masta mpya, tukasafisha bomba, tukajaza mafuta ya breki ya DOT 3 kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo, kwani mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Kamwe usijazie oili ya injini kwenye kikopo hicho: huvimbisha vipira na kuharibu mfumo mzima.

Kisha tukatoa upepo kwa utaratibu wa kawaida: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua skrubu ya masta ya chini, anafunga, ndipo pedeli inaachiwa. Mwisho tukapima mchezo wa pedeli, yaani mwendo wake mwepesi kabla haijaanza kusukuma. Kwa Hilux za aina hiyo, Toyota hutaka uwe kati ya milimita 5 na 15. Injini ikawashwa, Mwalimu akaweka rivasi kwa vidole viwili.

Simlaumu sana fundi wa kwanza. Mkwaruzo kweli ulitoka kwenye giaboksi, naye aliamini masikio yake. Kosa lake ni kudhani kwamba kinachopiga kelele ndicho kinachoumwa. Na jambo la kuogofya ni kwamba angepewa muda, maneno yake yangetimia. Kila mkwaruzo hung'oa chembe kwenye ncha za meno, na chembe hizo huelea kwenye oili na kusaga beringi. Miezi michache ya kulazimisha rivasi, na ugonjwa wa kipira unakuwa ugonjwa wa giaboksi kwelikweli.

Kwa hiyo, rivasi yako ikianza kukwaruza, usiizoee na usiikwepe. Na fundi akikuambia "tushushe giaboksi", mwombe kwa upole azime injini kwanza, aweke rivasi mbele ya macho yako. Ikiingia kimya, mwambie aanze na klachi.